Namna ya Kukusanya Majina ya Mahali na Alama za Zamani za Kijiji: Mwongozo Kamili kwa Mifano ya Usukuma

Tanzania Bara ina vijiji zaidi ya 12,000 na vitongoji zaidi ya 64,000, na vyote vina majina yaliyoandikwa ofisini. Ukishuka chini ya kitongoji, orodha inakatika. Kilima, bonde, kisima, mbuyu wa mikutano, njia ya ng'ombe kwenda lamboni na hame la ukoo fulani (mji wake ulioachwa) havimo kwenye daftari la mtendaji. Mengi ya majina hayo yamebaki kwa watu ambao mwaka 1974, Operesheni Vijiji ya kuwahamishia watu vijijini ilipopita Usukuma, nchi ya Wasukuma kusini mwa Ziwa Victoria, walikuwa wameshapata akili ya kukumbuka. Aliyekuwa na miaka 12 wakati ule leo amevuka 60. Panga kazi yako kwa hesabu hiyo. Ramani za makumbusho zitakusubiri, ila mzee wa miaka 85 hana ahadi hiyo.

Mwongozo huu ni wa mwalimu, mwanafunzi, au kijana aliyerudi nyumbani na anataka kuandika nchi ya kwao kabla haijasahaulika. Unaweza pia kuisaidia halmashauri ya kijiji inayoandaa mpango wa matumizi ya ardhi. Nimetumia Usukuma kwa sababu huko mabadiliko yalikuwa makubwa na alama zake bado zinaonekana. Ukiwa Handeni, Kondoa au Masasi, badilisha mifano, utaratibu ni uleule.

Kanuni ninayoisisitiza ni moja. Jina, mahali na hadithi ni vitu vitatu, na kila kimoja kina ushahidi wake. Mtu anaweza kulijua jina sawasawa akakosea mahali, au akakupeleka hadi pale penyewe akakupa hadithi aliyoitunga jana. Andika kila kimoja peke yake.

Hatua ya 1: Chagua eneo na wakati

Chukua kijiji kimoja. Chukua pia mstari mmoja wa wakati. Kwa Usukuma mstari huo unajichagua wenyewe: kabla ya Operesheni na baada yake. Unatafuta nchi ilivyokuwa watu walipokuwa wakikaa kwenye miji yao iliyotawanyika, kila mzee na boma lake na mashamba yake.

Mpaka wa kijiji wa leo usikufunge sana. Vijiji vya sasa vilipata sura yake ya kisheria kuanzia Sheria ya Vijiji ya 1975. Kabla ya hapo kulikuwa na gunguli, eneo lililokuwa chini ya ng'wanangwa, na ng'wanangwa alikuwa chini ya mtemi. Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963, lakini wazee bado wanagawa nchi kwa magunguli wanapozungumza. Gunguli moja linaweza kuwa limekatwa na vijiji viwili au vitatu vya leo, kwa hiyo utalazimika kuvuka mpaka.

Jambo la kushika tangu mwanzo: majina huhama. Watu walipohamishwa walikwenda na majina yao. Kitongoji kilichopo barabarani leo kinaweza kuwa kinabeba jina la kilima kilichoko mwendo wa saa nzima porini, na pale kilimani hakuna anayekaa tena. Ukiandika jina kwenye kitongoji ukaishia hapo, umeandika nusu. Fomu yako iwe na sehemu mbili: jina lilipo sasa, na lilikotoka.

Hatua ya 2: Ruhusa

Anza na mtendaji wa kijiji na mwenyekiti. Mwanafunzi aende na barua ya chuo iliyopitia ofisi ya wilaya au halmashauri. Mtafiti kutoka nje ya nchi ana kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) cha kushughulikia kwanza. Omba nafasi fupi kwenye mkutano wa kijiji ujieleze mbele ya watu wote, halafu pita kwa kila mwenyekiti wa kitongoji.

Swali litakalokuja ni hili: unapima kwa ajili ya nani? Katika nchi ambayo watu wamewahi kuona mpima akija na hifadhi au mgodi ukafuata, swali hilo ni la haki kabisa. Jibu kwa uwazi: unaandika majina, hupimi mashamba, huweki bikoni (alama za wapima ardhi), na nakala itabaki ofisi ya kijiji. Jaketi la kuakisi mwanga na kofia ya ujenzi viache nyumbani.

Hatua ya 3: Ramani, kabla ya kwenda porini

Kazi ya mezani ni ya siku chache tu. Tafuta karatasi za ramani za skeli ya 1:50,000, mfululizo wa Y742, ambazo hupatikana kupitia Idara ya Upimaji na Ramani. Zimejaa majina ya vilima na mito. Ziamini kama shahidi mmoja, asiye bora kuliko wengine. Aliyeandika majina yale alimsikia mtu fulani siku fulani, akayaandika kwa sikio lake.

Nyuma zaidi kuna ramani ya Wajerumani ya 1:300,000 iliyoanzwa na Richard Kiepert na kuendelezwa na Paul Sprigade na Max Moisel kutokana na taarifa za misafara. Utahitaji kuzoea tahajia yake. *Muansa* ni Mwanza, *Bagamojo* ni Bagamoyo, *Udjidji* ni Ujiji, *Aruscha* ni Arusha. Yaani *j* peke yake isome kama y, *dj* kama j, *sch* kama sh, na *s* mara nyingi ni z. Tahadhari nyingine: mengi ya majina yake ni ya watu. Msafiri aliuliza mji huu ni wa nani, akaandika jina la mwenye mji. Mwenye mji akifa au akihama, jina linaondoka naye. Ukilikuta jina kwenye ramani ile na hakuna anayelijua leo, ulizia kwanza kama liliwahi kuwa jina la mtu.

Sasa mtego wa kiufundi ambao umeharibu kazi nyingi. Ramani za Y742 zimechorwa kwa mfumo wa vipimo vya mahali uitwao Arc 1960, na simu yako inasoma mfumo mwingine, WGS84. Ukichukua namba za gridi kutoka kwenye karatasi ukaziingiza kwenye simu bila kuzibadilisha, utasimama takribani mita 300 mbali na mahali halisi, zaidi kwa upande wa kaskazini na kusini. Mita 300 zinatosha kukuhamishia kisima ng'ambo ya mto. Kwenye QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, ukishaipakia karatasi iliyoskaniwa, ipe mfumo wa Arc 1960 UTM kanda ya 36 Kusini (namba 21036) kwa Usukuma, kisha iache programu ibadilishe yenyewe.

Hatua ya 4: Fomu

Fomu ndefu huchosha mzee na mwandishi. Ninayoipendekeza ina sehemu hizi: namba ya rekodi, jina kama lilivyotamkwa, jina lilivyo kwenye ramani au ofisini, kama lipo, aina ya mahali, namba za GPS na kosa lake kwa mita, jina lilipo sasa na lilikotoka, hadithi ya jina, aliyesema (kwa namba ya siri, pamoja na jinsia, umri wa kukadiria na kitongoji), mwandishi alifika au alielekezwa tu, tarehe, picha, faili la sauti.

Ile ya "alifika au alielekezwa" usiiache. Mzee anaponyoosha mkono kuelekea magharibi akasema "kule, ukipita ile mikwaju", hiyo ni taarifa halali, ila haina uzito sawa na kusimama pale.

Rekodi moja ikijazwa inaonekana hivi, kwa mfano wa kubuni: *Namba 47. Maziba. Kwenye ramani haipo. Mabwawa mawili madogo ya msimu, kando ya njia ya ng'ombe. GPS, kosa la mita 5. Jina halijahama. Hadithi: maji yalikuwa yanakaa mpaka Agosti (B3), hakuna hadithi, ni mabwawa tu (K1). Tulifika. Picha mbili, sauti moja.* Ona kwamba maelezo ya wawili (B3 na K1 ni namba zao za siri) yameachwa yote, pamoja na lile linalosema hakuna hadithi.

KoboCollect, programu ya simu ya kujazia fomu, inafanya kazi bila bando ukishapakia fomu. Hata hivyo beba daftari, maana simu huzima saa nane mchana na wazee hawapendi kuongea na mtu anayetazama kioo.

Hatua ya 5: Nani wa kuuliza, na unauliza nini

Kosa la kawaida ni kumaliza kazi na wazee watatu wanaume waliokaa chini ya mti karibu na ofisi. Hao watakupa mipaka, watemi na vita. Majina madogo yako kwa wengine. Mama aliyekuwa akichota maji miaka ya 1960 anajua kila kisima, kile cha chumvi na kile kilichokauka. Aliyechunga ng'ombe utotoni anajua mabonde, ngitili (malisho yaliyotengwa kwa kiangazi), miamba na vivuli. Waganga wa mitishamba na wawindaji wa zamani wana nchi yao wenyewe. Watafute wote, na wanawake waongee bila waume zao kukaa pembeni wakisahihisha.

Salimia vizuri. Ukiweza kusema *Mwangaluka* asubuhi na kusubiri itikio lote bila haraka, umeshapunguza nusu ya kazi. Usimwite mzee kwa jina lake. Mzee, Babu, Bibi, Mama vinatosha, na kama wenzake wanamwita *namhala*, nawe mfuate.

Swali "hapa panaitwaje?" ni jembamba. Litakupa jina la kitongoji, basi. Uliza safari:

"Bibi, ulipokuwa binti, ukitoka kwenu kwenda kuchota maji, ulikuwa unapita wapi na wapi?"

"Babu, asubuhi mkifungulia ng'ombe mlikuwa mnawapeleka wapi? Na kiangazi kikikaza?"

"Mvua ikinyesha sana, mlikuwa mnashindwa kuvuka wapi?"

"Watoto mlikuwa mnakatazwa kwenda wapi?"

Swali la mwisho hufungua mambo makubwa. Mtu akianza safari, majina yanakuja yenyewe kwa mpangilio wa njia, na mpangilio huo ni taarifa tosha ya mahali. Usimkatishe ili kuuliza tahajia. Acha kinasa sauti kifanye kazi, utarudi.

Ukiwa na watu wanne au watano, chora ardhini. Fimbo kwa mto, jivu kwa njia, mawe kwa vilima, maganda ya karanga kwa miji ya watu. Watabishana, na mabishano yao ni mazuri kuliko majibu ya mmojammoja. Piga picha ya mchoro kutoka juu kabla ya kuku hawajapita.

Hatua ya 6: Tembeeni

Hapa ndipo kazi ilipo hasa. Chagua kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, majani yakiwa chini. Tembea na watu wawili wanaojua, ikiwezekana mmoja mzee na mmoja mchungaji wa sasa, kwa sababu majina ya vijana nayo ni majina. Andika pia kwamba kituo fulani kinaitwa kwa jina la duka lililofungwa. Baada ya miaka hamsini huo utakuwa ushahidi.

Jifunze kulisoma hame. Wasukuma huita mahame *matongo*, na hayajifichi kwa mtu anayejua. Kwanza utaona minyaa. Ua wa boma ulipandwa minyaa, na minyaa haifi kirahisi. Watu wanaondoka, ua unabaki, unarefuka na kuwa miti. Ukikuta minyaa mirefu imesimama kwa mstari au kwa nusu duara katikati ya pori, simama. Tazama chini. Tafuta jiwe la kusagia, lililolika katikati kwa kusaga, mara nyingi limelala kifudifudi. Tafuta vigae vya vyungu na udongo mweusi wenye rutuba mahali palipokuwa zizi, ambapo majani huota tofauti na ya jirani. Muulize mwenzako huu ulikuwa mji wa nani, na uliitwaje na watu wa mji wa pili. Mara nyingi jibu la pili ndilo jina la mahali.

Alama nyingine za kuandika: mibuyu yenye ngazi za vigingi vya kurina asali, miamba yenye vibonyeo vya kusagia nafaka au kuchezea bao, vivuko, malambo, visima, makaburi, njia za ng'ombe, mipaka ya ngitili, na bikoni za wapima wa zamani juu ya vilima. Kwa bikoni, andika maandishi yoyote yaliyomo.

Kuhusu GPS, simama kwenye eneo wazi, subiri kosa lishuke chini ya mita 10, ndipo uhifadhi. Si kila mahali ni nukta. Kisima ni nukta, njia ni mstari, mbuga ni eneo. Kwa mbuga au hame kubwa zunguka pembezoni, au chukua nukta nne na uchore baadaye. Kwa mlima usitosheke na kilele. Uliza jina linaishia wapi, kwa maana mara nyingi kilele kina jina lake na mbavu za mlima zina jina lingine. Piga picha mbili: moja ya karibu, nyingine ya mbali yenye kitu cha kudumu nyuma yake, kama mwamba au kilima.

Hatua ya 7: Kuandika jina

Andika kama lilivyotamkwa na mwenyeji, kwa Kisukuma chake. Usilipeleke kwenye Kiswahili. Mfano ulio wazi ni majina yanayoanza na *Ng'wa-*. Ofisini na kwenye ramani yameandikwa *Mwa-*, na hata Mwanza yenyewe wenyeji huitamka Ng'wanza. Katika majina mengi kipande hicho kina maana ya "kwa fulani", hivyo kinachofuata ni jina la mtu, na hapo una la kuuliza: alikuwa nani? Lakini usigawe kila jina kwa kisu kimoja. *Ng'wandu* ni mbuyu, na jina linaloanza na Mwandu huenda halina fulani yeyote ndani yake.

Rekodi sauti: mwambie mtu alitaje jina mara tatu, kisha alitumie kwenye sentensi, "tunaenda ...", "tunatoka ...". Kisukuma kina toni, na alfabeti ya Kiswahili haizionyeshi, hivyo sauti ndiyo rekodi kamili na maandishi ni msaidizi. Majina mawili yanaweza kufanana kwenye karatasi na kutofautiana kabisa masikioni. Tahajia ya ramani na ya ofisi iandike kwenye sehemu yake bila kuisahihisha, maana ndiyo itakayomsaidia mtu mwingine kulipata jina hilo kwenye nyaraka.

Hatua ya 8: Hadithi na miaka

Hadithi nyingi za majina ni nzuri mno kuwa za kweli. Zile zinazosema mzungu aliuliza kitu, mwenyeji akajibu kingine, jina likazaliwa, ziandike kwa heshima na uzipe alama ya shaka, kwa sababu zinasimuliwa nchi nzima kwa sura ileile. Vivyo hivyo kwa Ng'wanamalundi, mganga wa Kisukuma aliyesifika kwa miujiza. Mtu huyo aliishi kweli, lakini usishangae kuoneshwa miamba mingi aliyokalia na miti mingi aliyoikausha kwa kidole. Kwamba watu wanaiunganisha sehemu yao naye ni taarifa yenye thamani. Kwamba alifika pale ni jambo lingine.

Kwa miaka, usiulize mwaka. Uliza kabla au baada ya nini. Tengeneza ngazi ya matukio: Vita Kuu ya Kwanza (1914–1918), Uhuru (1961), kufutwa kwa utemi (1963), Azimio la Arusha (1967), Operesheni (1974), Vita vya Kagera (1978–1979), kuanza kwa ulinzi wa jadi wa sungusungu (miaka ya mwanzo ya 1980), mvua za El Niño (1997–1998). Ongeza matukio ya pale kijijini, kama njaa zenye majina au mwaka shule ilipojengwa. "Kisima hiki kilichimbwa mdogo wangu akiwa mgongoni, kabla ya Operesheni" ni jibu zuri kuliko "1970".

Hatua ya 9: Kuhakiki

Jina likitajwa na watu wawili wasio wa nyumba moja, kwa nyakati tofauti, likubali. Likitajwa na mmoja, liweke na alama yake. Wakitofautiana, weka yote mawili. Koo mbili kuwa na majina mawili kwa kilima kimoja ni jambo la kawaida, hasa kilima kikiwa mpakani.

Kuwa makini pale jina linapogeuka hoja ya ardhi. Ukiandika "hame la ukoo fulani" kwenye eneo ambalo leo linalimwa na watu wengine, karatasi yako inaweza kuibuka kwenye baraza la ardhi. Andika "panaitwa" na "inasemwa na". Usiandike "ni mali ya". Juu ya orodha weka sentensi moja inayosema kwamba orodha hii haithibitishi umiliki.

Hatua ya 10: Yasiyotangazwa

Sehemu za matambiko, makaburi ya watemi na misitu ya mizimu ziandike tu wenyewe wakiridhia, na namba zake za GPS zibaki kijijini. Sababu mojawapo ni heshima. Nyingine ni wale wanaozunguka nchi wakitafuta rupia na mali za Mjerumani. Wanachimba makaburi, wanavunja bikoni, na orodha yako yenye namba kamili ingewafaa sana. Vitu vya kale mkivikuta chini viacheni palepale. Vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Pigeni picha na kumwarifu mtendaji. Majina ya walioongea nawe yatenganishe na orodha, yahifadhi kwenye faili lingine, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu nawe.

Hatua ya 11: Kuhifadhi na kurudisha

Kila jioni hamisha sauti na picha, zipe majina kwa namba ya rekodi (047_sauti, 047_picha1), na weka nakala mahali pawili. Jedwali lihifadhi kwa CSV, ambalo programu yoyote italifungua hata baada ya miaka ishirini. Majina yasiyo na tatizo unaweza kuyaweka OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, ili yaonekane kwenye simu za watu.

Kabla ya kuchapisha chochote, rudi na rasimu. Chapa ramani kubwa, angalau ukubwa wa A1, ibandike kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji kwa wiki mbili pamoja na kalamu iliyofungwa kwa kamba. Waambie watu waandike juu yake. Utakuta vilima vimesogezwa, visima vimeongezwa, na angalau jina moja limefutwa kwa hasira. Nenda kamtafute aliyelifuta.

Nakala za mwisho ziwe tatu kijijini: ofisi ya kijiji, shule ya msingi, na kwa mzee au mama mmoja aliyechaguliwa na wenzake. Zote ziwe za karatasi, kwa herufi kubwa.